Fimbo ya Kukung'utia Unga

Biashara yangu ya kusaga unga pale mtaani Kadutu niliianzisha kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Kabla yake nilikuwa nikipeleka mihogo mikavu kwa jirani mwenye mashine na kurudi nyumbani na beseni lisilojaa. Kila mwanamke alijua sababu. Unga hupulizwa kupitia mfuko mrefu wa kitambaa, na mwingine hunasa humo ndani. Mwenye mashine hujifanya amemaliza, anamwita anayefuata, kisha jioni anaukung'uta mfuko na kuuza kilichobaki. Siku nilipomwomba yule jirani anikung'utie kilicho changu, alinisukuma nikaangukia beseni. Unga wangu wote uliingia matopeni, naye akacheka.

Mume wangu alipofariki niliuza vyote vilivyouzika, nikanunua mota ya kusagia inayotumia mazutu, yaani dizeli, na kuifunga chini kwa saruji. Ukutani nilitundika fimbo. Kila mteja niliupiga mfuko mbele ya macho yake, kisha nikamwuliza: "Niache ao nipige tena?" Wa kusema inatosha alikuwa yeye, si mimi. Ujuzi wangu wa biashara ulikuwa huo tu, na foleni ikawa inashuka mpaka barabarani.

Mteja mmoja alikuwa maman, mama mzee aliyetoka mbali huko Kasha, aliyezipita mashine zote za njiani ili aje kwangu. Huyo alinichosha. "Piga tena," alikuwa akisema, nami jasho linanitoka, namtukana kimoyomoyo, napiga.

Jirani alikuja siku moja na mkanda wa mashine mkononi, ule mzito wa mpira. Alinichapa nao mgongoni mbele ya wateja. "Weye maman, unatuharibiya kazi!" Niligeuka na fimbo, nikampiga mdomoni, jino likaruka. Alitema damu kizingitini kwangu na kuapa kwamba mota ile ataing'oa. Nilifurahi, sitadanganya. Mgongo uliniuma wiki nzima na bado nilikuwa na furaha.

Kisha zikaja zile siku ambazo mji haukuwa na mwenyewe. Askari walikuwa wamekimbia, waliowafukuza hawajaingia. Watu walivunja madepo ya vyakula, wakakanyagana juu ya magunia, na risasi zililia mchana kutwa. Nyumbani kwa watu palibaki mihogo mikavu tu, na watoto hawatafuni mihogo mikavu. Wanawake walinigongea mlango, nikawasha mota. Maman wa Kasha alikuwepo, sijui alipitia wapi. Mihogo yake ilikuwa mashineni inasagwa pale jirani yangu alipoingia na wanaume wenye mapanga, mmoja wao na bunduki iliyotupwa na askari.

"Bamaman, mutoke! Ile mota tunaibeba!" alifoka jirani.

Hakuna aliyetoka. Mwenye bunduki alipiga risasi, bati likatoboka juu ya vichwa vyetu. Maman wa Kasha alisimama mbele ya mashine akatanua mikono. Yule mwenye bunduki alimpiga kwa kitako cha bunduki, nami nikausikia mfupa wa mkono ukivunjika hata juu ya kelele za mota. Alianguka kwa magoti. Hakusogea.

Hapo nilipandwa na wazimu. Nilifungua kamba ya mfuko, nikauelekeza nyusoni mwao na kuupiga kwa fimbo. Unga ulifumuka wote kwa pamoja, wakawa vipofu. Wanawake waliwavamia kwa mabeseni na mawe. Mimi nilimpiga mwenye bunduki kwenye kifundo cha mkono mpaka akaiachia, akalala chini, nikaendelea kumpiga. Nilipiga kama ninavyokung'uta mfuko, natafuta kilichobaki ndani, mpaka wenzangu waliponishika. Jirani alitoka akitambaa, damu na unga vimemganda usoni kama uji.

Nilizima mota. Nilimfunga maman mkono kwa ile kamba, huku nalia.

"Maman, umeiokoa mashini yangu. Kuanziya leo utasaga bure."

Alinitazama kwa hasira, midomo inamtetemeka kwa maumivu. "Mashini yako? Mimi sikupiganiya mashini yako. Ilikuwa bunga yangu mule."

Kumbe miaka yote ile ya kumpigia mfuko, hakuwahi kuona kama ninamfanyia hisani. Unga ulikuwa wake, basi.

"Na ile bunga umemwangiya bale wezi usoni," akasema, "utanirudishiya."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilileta unga wa nyumbani kwangu, nikamjazia beseni mpaka akaridhika. Nilidhani tumemaliza. Lakini aliunyoosha mkono wake mzima, akaonyesha mfuko uliokuwa unaning'inia mtupu.

"Piga."

Niliifuta fimbo damu kwa kitenge changu, nikapiga mpaka yeye mwenyewe aliposema inatosha.