Maneno Ambayo Baba Hakunitafsiria

Ilianza Jumatano, saa kumi jioni. Najua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele ya kitanda, nayo ndiyo niliyoiona kwanza nilipofumbua macho baada ya kupasuliwa moyo. Kisha nikalihisi bomba. Lilikuwa limeingia mdomoni na kupita kooni, limebanwa mashavuni kwa plasta. Nikataka kuita, sauti haikutoka. Nikataka kulishika, kumbe mikono imefungwa kwa vitambaa kwenye vyuma vya kitanda.

Nikadhani kuna kosa nililofanya.

Mashine iliyokuwa pembeni ndiyo iliyonipumulia. Nyumbani, kijijini kwetu Ngana, baba alikuwa na baiskeli ya kubebea kakao, na nilipomshikia tairi alijaza upepo huku anapiga soga na wapita njia, wala haangalii kama limejaa. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi nataka kutoa pumzi, mashine inaingiza. Nataka kuvuta, imenyamaza. Nikishindana nayo inapiga kelele, na kidonda cha kifuani kinawaka. Makohozi yakajaa kwenye bomba, nikawa kama mtu anayezama, ila nilizama kitandani, pakavu, watu wakipita.

Muuguzi wa Kihindi akaja, akanipapasa paji la uso na kuniambia mengi kwa Kiingereza. Nilikuwa kidato cha pili, na Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni. Nilichoambulia ni kwamba anakwenda kumwita baba.

Baba ndiye aliyenisindikiza hadi India. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kakao walikuwa wameanza kugombania mizigo barabarani, naye alikuwa ameacha ualimu akawa anawanunulia. Alijua Kiingereza, kwa hiyo kijijini alikuwa mkalimani wa kila mtu. Valvu ya moyo wangu ilipoharibika hata nikawa siwezi kupandikiza mpunga mstari mmoja bila kuchuchumaa nipumue, hakuna aliyeuliza nani atakwenda nami. Stendi ya Kyela binamu yangu alinitania, "We, watakuwekea moyo wa Kihindi urudi unaimba kama kwenye sinema! Angalau na sisi tuisikie sauti yako." Wakacheka wote, maana mimi si mwongeaji.

Siku moja kabla ya operesheni daktari alikaa kitandani kwangu, akazungumza kwa kirefu. Aligusa mdomo wake, akashuka na kidole hadi kooni. Akakutanisha viganja vyake kama mtu aliyefungwa kamba. Alikuwa akinitazama mimi, siyo baba. Kisha akasubiri baba atafsiri.

"Anasemaje, baba?"

"Anasema utalala. Ukiamka utakuta umeshapona."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Madaktari nao kwa kuongea!"

Sasa nimelala chali, vile viganja vya daktari vikanirudia. Kumbe aliniambia. Aliniambia kila kitu, na baba akakisikia, akakimeza. Labda aliogopa nitakataa. Ningekubali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: ningekubali tu.

Baba akaingia amevaa joho la kijani na kofia ya hospitali, akasimama karibu na kichwa changu. Muuguzi akamwambia jambo, akinionyesha kwa macho yake mwenyewe: kufumbua, kufumba. Baba akainama.

"Kama unaumia, nitazame usoni. Kama huumii, funga macho."

Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Tangu nianze kuchuchumaa kuamkia wakubwa, nimefundishwa kwamba binti hamkazii baba yake macho. Aliyenifundisha ni yeye mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimtazama akinikaripia, akaniuliza mbele ya wageni, "Unanipima urefu?" Sikurudia. Kwa hiyo uso wake uliposogea, macho yangu yalishuka yenyewe, na kabla sijajua yakawa yamefumba.

"Haumii," akasema, kisha akamwambia muuguzi kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Akamshukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, ndaga," utadhani muuguzi yule ni wa kijiji jirani cha Talatala. Wakaondoka wote wawili. Nikabaki na mashine.

Sijui kama alisahau alichonifundisha au kilimfaa. Nililia, lakini ukiwa na bomba hata kilio hakina mlio.

Kesho yake asubuhi alikuja na daktari. Akainama kama jana.

"Mama, unaumia? Nitazame kama unaumia."

Macho yakataka kushuka. Nikayazuia. Nikamtazama baba yangu usoni, na ndipo nikagundua kwamba nyusi zake zilikuwa na mvi, na kwamba alikuwa hajalala.

"Kama huumii, funga, mwanangu," akasema taratibu. "Funga."

Sikufunga.

Akaangalia sakafu. Halafu akageuka, akamweleza daktari kwa muda mrefu, sauti ikimkatika, na safari hii sikuhitaji tafsiri. Muuguzi akaleta kimrija, akakipitisha ndani ya bomba, akanivuta makohozi. Kiliniuma sana, kisha pumzi ikapita. Baba alikuwa bado ameinamisha kichwa. Nikaendelea kumtazama.