Zahara aliniambia nisalimie na nisimalize

Leo nimemsalimia mzee wa bodi ya shule kwa dakika sita. Mimi, ambaye huwa nasalimia viatu vya watu.

Mwalimu mkuu alimleta aamue: chumba cha kompyuta Jumamosi kibaki cha klabu yetu ya kompyuta, au kiende kwa kwaya?

Nilikuwa na programu inayoonyesha matuta ya mlima wa Malindi, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani, kwa 3D. Inakaa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta.

Wako mlangoni, mlima wangu unageuka kama umebeba gunia la viazi.

Nilikuwa nimesahau kuiruhusu mashine pepe itumie kadi ya picha, ile inayoharakisha 3D! Na kurekebisha, lazima uizime kabisa, uwashe upya.

Zahara, mwenzangu wa klabu, akaninong'oneza, "Msalimie. Usimalize."

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za Malindi? Viazi vimekubali? Mifugo je?"

Kumbe mbuzi wake anaumwa.

Nikauliza tangu lini. Nikauliza anakula nini. Mwalimu mkuu akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Nyuma yangu Zahara anabonyeza.

Nageuka: mlima unazunguka laini kama siagi!

Mzee hata hautazami. "Mwalimu, waachie chumba. Watoto wa siku hizi wanaouliza hali ya mbuzi ni wachache."

Nikamwonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole, karibu nilie. Wiki nzima ya kazi, jamani.

Akatupa jicho mara moja.

"Na televisheni yenu nzuri."

Haya, chekeni.