Maji kwa Kila Kichwa

Mwanamume yule alikuja saluni kwetu Kariakoo na cheti chenye fremu, akakitundika juu ya kioo kabla hata hajafagia sehemu yake. Nilimdharau siku ileile. Nimenyoa watu miaka mingi bila karatasi ukutani, na sijawahi kuona cheti kikishika mashine.

Kazi yake yote ilianza na chupa ya kupulizia maji. Aje mwenye nywele za singa, aje mwenye kipilipili, yeye anawalowesha tu. Video za kwenye simu ndizo zilizomlea. Singa sawa, ziloweshe zitulie uone zinapoishia. Lakini kipilipili unazichana kwanza zikiwa kavu, kwa kitana cha meno mapana, unaanzia nchani unashuka taratibu mpaka kwenye shina, zisimame zote. Ukizilowesha zinajikunja, zinakuficha urefu wake, halafu unakata usichokiona. Hata mke wangu, muuza vitenge, analijua hilo.

Ijumaa moja mchana akaingia bwana harusi. Ndoa ilikuwa kesho yake, kanisani. Alikuwa na kipilipili kizito alichokifuga miezi kadhaa kwa sababu mchumba wake alikipenda hivyo, kirefu juu, kimesimama.

"Shikamoo mzee," akanisalimia.

"Marahaba. Hongera."

Mwenye cheti akamdaka kabla sijasema zaidi. "Karibu bosi, kaa hapa. Mimi nimesomea hii kitu."

"Punguza pembeni tu. Juu sawazisha kidogo, usiguse urefu. Mchumba wangu ataniua."

"Poa, hiyo ndogo sana."

Akachukua chupa. Mimi nikaegemea ukuta, mikono kifuani. Nilijua kitakachotokea, na nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia achane kwanza. Sikusema. Nilitaka aumbuke mchana kweupe, chini ya cheti chake mwenyewe.

Akaumbuka. Nywele zilipokauka na kuchanwa, upande mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na katikati kulikuwa na shimo la kuingia kidole. Jasho likamtoka msomi wetu. Akasawazisha, akasawazisha tena, nazo zikazidi kupungua, mpaka ikabidi apitishe mashine kichwa kizima. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilifurahi, sitaficha.

Bwana harusi hakufoka. Alijipapasa upara ule mpya, polepole, mbele hadi kisogoni.

"Kesho ataingia kanisani anikute hivi," alisema.

Mwenye cheti akajifanya anakung'uta kitambaa. Bwana harusi hakushughulika naye. Alinitazama mimi, kupitia kioo.

"Mzee, si ulikuwa unaniangalia muda wote?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa na mteja. Kiti changu kilikuwa kitupu, na alikuwa anakiona.