Vile entrée yangu ilipendwa leo ku fête

Leo kila mutu alikimbilia entrée yangu. Mungoje kwanza, musinipongeze.

Ilikuwa première communion, komunyo ya kwanza, ya mutoto wa yaya yangu, mukubwa wangu, hapa kwetu Beu. Nikasema: na hii jua, batu baonje entrée, kitu ya kisasa ya kula mbele ya chakula. Nikakata fromage, ile jibini, na avoka vipande vidogo-vidogo, kila kipande na kajiti kake ka kusafishia meno. Tokea asubuhi!

Batu bakafika. Bakaangalia. Bakapiga photo.

Hakuna mwenye aligusa. Baba mukubwa, mukatekista, alisema: "Hapana kula mbele ya maombi." Na abbé, padri wetu, akachelewa saa mbili.

Maombi ikaisha, bukari, ugali yetu, na mbuzi ikatoka. Donc, nani atakumbuka avoka?

Kisha nyama ikaingia mu meno.

Eh! Meza yangu ikajaa batu. Kila mutu anachomoa kajiti, fromage anaiacha mu sahani.

Baba mukubwa akanishika mukono: "Aksanti, mwanangu. Wewe tu ndiye ulifikiria meno yetu."

Sasa muniambie: hiyo ni sifa ama ni matusi?

Mujibu. Mimi niko nakula fromage na vidole, juu tujiti twote tulibebwa.