Bi Kipaza: "Wamekata jina langu, wakasahau kukata kosa langu"

Saa nane na nusu mchana. Mapazia meusi ya banda la video yameshushwa, feni moja inazunguka kwa uvivu, na filamu bado haijaanza. Muuza mkaa amesimama mbele ya skrini, mikono nyuma kama mwanafunzi, anatoa dalili zake.

"Ya kwanza, farasi anakufa mapema. Ya pili, kuna barua imefichwa ndani ya kiatu. Ya tatu, daktari anakohoa kuliko mgonjwa."

Kabla hajafunga mdomo, fundi viatu ameshaitaja filamu yenyewe kutoka benchi la tatu. Watu wanacheka. Fundi anainuka kwa maringo na kwenda kukalia kiti cha plastiki chenye egemeo, cha pekee humu ndani, ambacho ndicho zawadi ya anayepatia.

Huu ni mchezo wa kila Jumamosi. Mtu anaeleza filamu anayoipenda kuliko zote alizowahi kuona maishani, kwa dalili tatu tu, bila kutaja jina la filamu wala la mwigizaji. Wenzake wanabahatisha. Pembeni, nyuma ya meza yenye kipaza sauti kilichofungwa kitambaa, ameketi mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye hacheki.

Anaitwa Bi Kipaza. Kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni. Picha inatembea, naye anasema maneno ya kila mtu, wa kike na wa kiume, kichanga na kikongwe, na mbwa akibweka anaelezea anabwekea nini. Lugha aliziokota alipokuwa mapokezi ya hoteli. Asizozijua anasoma maandishi ya chini ya picha, mbiombio. Kwa miaka kumi na tisa ametafsiri filamu mia tatu na kumi na mbili, na kila tafsiri imerekodiwa kwenye mkanda unaowekwa stoo.

Mara mbili daktari amemkataza kuongea kwa mwezi mzima ili koo lipone. Mara zote mbili alinyamaza siku nne. "Mtu anakufa kwenye skrini," anasema, "utamwachaje afe kimyakimya?"

Leo ana hasira, na si ya leo. Hafichi, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kumfichia.

Ilianza miezi saba iliyopita, katika mchezo huuhuu. Aliingia mgeni, dereva wa lori aliyekuwa akisubiri gari lake litengenezwe gereji ya jirani, akaomba naye atoe dalili zake. Ya kwanza, harusi inavunjika mvua ikinyesha. Ya pili, bibi harusi anatoroka na trekta. Ya tatu, mjomba anageuka baba mkwe.

Banda zima likaangua kicheko na kujibu kwa pamoja. Hiyo wanaijua nje ndani. Siku alipoitafsiri, Bi Kipaza alimchanganya mzee mmoja mwenye kofia, akamfanya mjomba wa bibi harusi kwa nusu nzima ya filamu. Alipogundua, hakusimamisha mashine. Alisema palepale, "Jamani, samahanini, huyu mzee si mjomba, ni baba mkwe. Yale aliyoyasema mwanzo yahesabuni upya." Maneno hayo yakabaki kwenye rekodi, na mashabiki wakayapenda kuliko filamu yenyewe.

Kicheko kilipopoa, Bi Kipaza aliuliza jambo moja. Mgeni ameionea wapi filamu hiyo, ikiwa rekodi yake haijawahi kutoka humu ndani?

Dereva akatoa simu. Filamu ilikuwa kwenye programu ya kulipia, inayotazamwa na watu wa mbali ambao hawajui kama banda hili lipo duniani. Mwanzoni, pale ambapo yeye husema, "Mimi ni Bi Kipaza, kaa vizuri, kiwiko chako ni chako," palikuwa na sauti nzito ya mwanamume ikitangaza kuwa tafsiri ni ya kikosi cha kampuni. Halafu sauti ya Bi Kipaza ikaendelea kwa saa mbili, mjomba akawa baba mkwe, samahanini na yote.

"Nilisikiliza nimesimama, mpaka miguu ikafa ganzi," anasema. "Wamekata jina langu, wakasahau kukata kosa langu. Ina maana hata kuitazama hawakuitazama. Mtu akikuibia kitu, basi angalau akiangalie."

Alikwenda kwenye ofisi za kampuni hiyo mara nne. Mara tatu aliambiwa meneja yuko kikaoni. Mara ya nne alimsubiri mlangoni hadi alipotoka kwenda kula. Meneja, kijana mwenye adabu za juujuu, alimwita mama, akamletea maji, akamweleza kwa upole kwamba sauti si kiwanja, haina hati. Kisha akatoa karatasi ya mauzo ya masanduku mawili ya "mikanda chakavu". Chini ilikuwa sahihi ya kaka yake.

Kaka yake ndiye mwenye banda. Ndiye anayekata tiketi mlangoni, hatua kumi na mbili kutoka meza ya dada yake. Tangu siku hiyo wanaongea mambo ya kazi tu: umeme, viti, saa ya kuanza. Mama yao amewaita nyumbani mara mbili kuwapatanisha. Mara zote Bi Kipaza amekwenda, amekula, ameosha vyombo, ameondoka.

Alipoulizwa na mwandishi, kaka mtu aliendelea kukata tiketi. "Waliniambia wananunua mikanda ya zamani, plastiki yake inayeyushwa," alisema. "Stoo ilikuwa imejaa panya. Nikaona nafanya usafi. Sikujua kama namuuza dada yangu."

Dada yake aliyasikia hayo. "Hakuniuliza," alisema, bila kugeuka. "Stoo ni yake, mdomo ni wangu. Na kampuni ilijua inanunua nini, maana hakuna mtu anayeyeyusha plastiki halafu ikaanza kuongea."

Katika ofisi ya hakimiliki, karani alimtaka alete ushahidi kwamba sauti ile ni yake. Bi Kipaza alimwambia, si unanisikia ninavyoongea? Karani akajibu kuwa hilo haliandikiki kwenye fomu. Akaongeza kwamba karatasi ya mauzo itabaki na nguvu, isipokuwa muuzaji mwenyewe aje aseme aliuza kisichokuwa chake. Kaka yake aliletewa ujumbe huo. Akasema amesikia, akaishia hapo.

Aliyepata wazo alikuwa mwalimu mstaafu anayekaa benchi la mbele kwa sababu ya macho. Alisema mchezo wao wenyewe ndio ushahidi. Kila mmoja aandike dalili tatu za filamu anayoipenda, ila dalili ziwe makosa ya Bi Kipaza, yale yasiyoweza kuwa ya mtu mwingine.

Wameandika watu arobaini na mmoja. Yumo rubani mwenye mafua, kwa kuwa siku ile mtafsiri alikuwa na mafua. Yumo jambazi anayemwambia polisi asubiri kwanza, feni imezimika. Yumo mfalme, katikati ya vita, anayeamuru aliyeegesha pikipiki mlangoni akaiondoe. Mwalimu alizikagua moja baada ya nyingine kwenye programu ile, kwa simu. Zote zimo, na kampuni inazikusanyia pesa hadi leo.

Malalamiko yatasikilizwa mwezi ujao katika ofisi ya hakimiliki. Bi Kipaza anasema haendi kuomba huruma. "Hela watazitaja wenyewe wakiona aibu. Mimi nataka sekunde sita zangu za mwanzo. Sita tu. Nimetapika damu kwa kazi hii, wamenipokonya sekunde sita."

Kwa sasa anajilinda anavyojua. Katika filamu mpya, askari anayekata roho humwomba mwenzake amfikishie salamu Bi Kipaza. Mtuhumiwa akiulizwa jina la shahidi wake, anamtaja yeye. Atakayetaka kumkata itabidi akate na filamu.

Fundi viatu, akiwa kwenye kiti chenye egemeo, anamwita Bi Kipaza mbele. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kutoa dalili zake. Leo anainuka.

"Ya kwanza, harusi inavunjika mvua ikinyesha," anasema. "Ya pili, mjomba anageuka baba mkwe."

Watu wameshaanza kunong'ona jibu. Anawanyamazisha kwa mkono.

"Ya tatu, kabla ya yote hayo, mwanamke anasema jina lake."

Jibu linatoka mlangoni.

"Hiyo bado haijatoka," anasema kaka yake.

Bi Kipaza anamtazama kwa mara ya kwanza mchana huu. "Umepatia," anamwambia. "Lakini kiti hukalii mpaka ukayaseme hayohayo mwezi ujao, mbele ya yule meneja, na sahihi yako iko mezani."

Kaka mtu anafunga kitabu cha tiketi. "Nitasema," anajibu.

Bi Kipaza hamshukuru. Anarudi mezani, anafungua kitambaa, anakisogeza kipaza sauti hadi karibu kabisa na mdomo.

"Mimi ni Bi Kipaza," anasema, na kulirudia jina hilo mara ya pili, polepole. "Kaa vizuri. Kiwiko chako ni chako."