Tundu la Jumatatu

Hapa Hamtramck, mji wa viwanda vya magari Marekani, watu walikuwa wakisema Kaz Wojtala hana haja ya kufungua boneti ili ajue gari lina injini gani. Atalizunguka mara moja, mikono nyuma, atainama kwenye madigadi ya mbele, atapitisha ukucha chini ya nembo, kisha atatoa hukumu. Na haikuwa majigambo matupu. Alifanya kazi kwenye kiwanda kilichounda magari ya Kestrel miaka thelathini na mmoja, na minane ya mwanzo aliimaliza akitoboa matundu mawili tu kwenye madigadi za Kestrel: ya kubandikia namba ya chuma inayotaja injini, 430.

Kestrel zote zilitoka na umbo moja. Boneti ndefu, buti fupi, paa limelala kuelekea nyuma, matairi ya nyuma mapana, na juu ya boneti pua mbili za kuvutia hewa. Kijana aliyenunua injini ndogo alipita barabarani kwa sura ile ile ya aliyenunua silinda nane kubwa ya 430. Kilichowatenganisha ni namba ile ya chuma, ndefu kama kidole cha kati. Kwa hiyo miaka ilivyopita, na bei zilivyopanda, watu wakaanza kununua namba mitaani na kuzitobolea nyumbani. Gari la namna hiyo tunaliita gari la kuvishwa. Na ukitaka kumtukana mtu wa hapa bila kumtaja mama yake, mwambie gari lake limevishwa.

Orvil Tackett alikuwa mchomeleaji kutoka Kentucky, mtu wa maneno machache. Kestrel yake ya kijani aliinunua ikiwa mfu, injini yake ya kwanza imeshatupwa, akatafuta 430 nyingine na kuihangaikia miaka sita. Alhamisi moja ya Julai, miaka kumi na mmoja iliyopita, akaileta kwenye uwanja wa nyuma ya mgahawa wa Lou Petrakis, wapenda magari tunapokutana kila Alhamisi majira yote ya joto. Injini ilikuwa imetoka gari jingine, hivyo ushahidi pekee uliobaki ni mwili wa gari. Akamwomba Kaz alitazame.

Kaz akalizunguka. Akainama. Akainuka akicheka.

"Orvil, ndugu yangu, nani kakuvalishia hii gari?"

"Haijavishwa. Mzee aliyeniuzia aliniapia."

"Hata mke wangu aliniapia anajua kupika!" Uwanja mzima ukacheka. "Tundu la nyuma limeshuka nusu kidole. Sisi tulikuwa na kiolezo cha chuma, bwana. Kiolezo hakikosei."

"Punda kavalishwa tandiko la farasi!" Lou akadakia, soseji mkononi.

Orvil alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa, akaondoka.

Ulimi hauna mfupa. Kesho yake asubuhi Kaz alikuwa ananyoa ndevu, na wembe ukasimama shavuni. Alikumbuka Jumatatu moja ya Mei, 1969. Dada yake Halina alikuwa ameolewa Jumamosi, na kwao, Wapolandi, harusi ya siku moja si harusi. Walikunywa hadi Jumapili jioni. Jumatatu alifika kazini mikono inatetemeka. Hakukaza kibano. Kiolezo kikateleza, na drili ikazama nusu kidole chini ya alama, kwenye madigadi ya kijani. Alipaswa kupiga kengele, laini ya kuunganishia magari isimame, msimamizi aje na maswali yake. Badala yake alibandika namba juu, ikaficha, gari likaenda zake.

Basi gari la Orvil lilikuwa la kweli. Aliyevurunda ni yule yule aliyelihukumu. Nyani haoni kundule, lakini Kaz alikuwa ameliona sasa, tena kwenye kioo, na povu usoni.

Akajiambia, nitamweleza Alhamisi. Alhamisi Orvil hakuja. Wala iliyofuata. Mara moja tu walikutana dukani, kwenye rafu za misumari. Orvil akawa wa kwanza kusalimia, na Kaz, mtu mzima na mvi zake, akazungumzia mvua. Alirudi nyumbani akiona aibu hata kumtazama mbwa wake. Toka hapo akaacha kukagua magari, akasingizia macho. Watu wakamsifu kwamba uzee umempa unyenyekevu, na sifa hizo zilimchoma kuliko matusi.

Juni hii ile Kestrel ya kijani ikaingia tena uwanjani, ikinguruma kwa sauti nzito hadi vikombe vikatikisika mezani. Madigadi zake zilikuwa laini, hazina namba. Akashuka mwanamke wa miaka hamsini hivi.

"Natafuta Mzee Kaz. Mimi ni Wynona, binti wa Orvil Tackett. Baba alifariki Februari."

"Pole, mwanangu," Kaz alisema.

"Nilikuwa natoa kiota cha panya kwenye kiti cha nyuma, nikakuta hii ndani ya springi. Wanasema wewe ndiye unayejua kuzisoma."

Ilikuwa karatasi ya kiwandani, ile iliyofuatana na gari kwenye laini na ambayo wafanyakazi waliisahau kitini mara nyingi. Lou akachungulia begani. "Injini, 430! Kaz, ulimwonea jamaa!" Kisha akampiga Kaz mgongoni, kwa wema. "Haya, hata Papa hukosea. Sema macho yalikudanganya, tukale."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kupita. Chini ya karatasi, kwenye mstari wa madigadi, kulikuwa na mhuri mdogo wa duara wenye namba ya mfanyakazi: 41, tarehe 19 Mei. Waliojua 41 ni nani walikuwa wamelala makaburini. Na mhuri wenyewe wa shaba, waliompa siku ya kustaafu, ulikuwa mfukoni mwake pamoja na funguo. Aliushika humo humo.

Akautoa, akauweka juu ya boneti, mbele ya watu.

"Macho hayakunidanganya. Tundu lilishuka kweli. Nililishusha mimi, nimelewa harusi." Akamgeukia Wynona. "Na nilijua kesho yake tu, baada ya kumcheka baba yako. Nimekaa kimya."

Lou akarudi nyuma hatua moja.

"Ulijua?" Wynona aliuliza. "Miaka yote hii?"

"Yote."

"Wiki ile ile uliyomcheka, Baba aliyachomelea yale matundu, akapaka rangi. Mama akamuuliza kwa nini. Akasema, nimechoka kuitwa mwongo na gari langu mwenyewe."

Kaz alitamani ardhi ipasuke. Nayo haikupasuka, ni lami tu.

Wynona akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa soksi ya mwanamume, na ndani yake namba mbili zilizong'arishwa. "Hakuweza kuzitupa. Drili unayo?"

Drili ilikuwa kwenye buti la gari lake, haikosekani. Akaileta, akapiga goti taratibu, akapima kwa rula na kuweka alama za penseli pale kiolezo kingetaka, zimenyooka sawasawa.

"Sio hapo," Wynona akasema, amesimama juu yake. "Pale pale ulipotoboa."

Kaz akafuta alama ya nyuma kwa kidole gumba, akaishusha nusu kidole. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na safari hii hakuwa amekunywa kitu.