Sentensi Niliyoimeza Mbarara

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukalimani, katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mkuu wa kituo alinipa koti jeupe lililonipwaya, akanionya: "Wewe ni mdomo tu. Usiongeze, usipunguze." Nilikuwa mkimbizi wa Kivu Kusini, Kongo, niliyejua Kiingereza, na koti lile lilinivimbisha kichwa. Baadaye nikapangiwa kusindikiza wagonjwa hadi kliniki ya ngozi, mjini Mbarara.

Huko niliijua soriasisi. Ngozi hukakamaa, hupasuka, hubanduka magamba. Haiambukizi, wala haiponi kabisa, hutulizwa. Daktari wa ngozi hakuwa na pupa. Alimweleza mgonjwa faida ya dawa na madhara yake, kisha akamwachia achague. Mimi niliona anatuchelewesha.

Siku moja nilimpeleka Nabintu, muuza unga kutoka Kashojwa, kijiji kimoja cha kambini. Wateja walikuwa wakiikimbia mikono yake, na nyumbani hakuwa bado na mtoto. Daktari alisema vidonge vya mara moja kwa wiki vingemsaidia, ila ini lipimwe mara kwa mara, na asishike mimba akivitumia. Akitaka mtoto, aache dawa, asubiri miezi atakayoambiwa, ndipo ajaribu.

Nje dereva alikuwa akipiga honi. Nikafupisha: "Hii dawa itasafisha mikono, lakini haipatane na mimba."

"Basi nikiikunywa, sitazala?"

"Ni vile munganga anasema."

Ulikuwa uongo. Nabintu akaificha mikono ndani ya kitenge. "Umuambie aksanti. Miye nachagula mutoto."

Daktari aliniuliza kama ameelewa. Nikajibu ameelewa vizuri.

Mtoto hakuja. Miaka tisa baadaye, hedhi ikiwa imeshakoma, Nabintu alirudi Mbarara. Nilikuwepo na mgonjwa mwingine. Mkalimani mpya, binti mpole, alimtafsiria kila kitu, hata ile miezi ya kusubiri. Nabintu akanigeukia.

"Ulijuaka?"

"Nilijuaka."

Akamgeukia daktari, akaomba vile vidonge.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ukalimani huja kuniuliza maneno magumu ya hospitali, nami huwaambia kwamba sikuwahi kushindwa na neno gumu. Nilishindwa na uvivu, na kudhani najua kilichomtosha mwenzangu. Naona haya kuliandika hili, lakini kulificha ni haya zaidi.

Siku ya kuniaga walinipa cheti cha utumishi mwema. Nabintu alikuja na wengine, akanipa mkono. Miezi michache ya vidonge ilikuwa imeulainisha kabisa. Aliushika wangu, akanipongeza, nami sikuweza kumtazama.